Kulipia ili upande Google: kuna kazi ya kweli na kuna hewa

Kuna watu kazi yao ni kuwaambia wafanyabiashara wadogo, nipe hela kila mwezi nikuweke ukurasa wa kwanza wa Google. Halafu kuna wengine wanasema SEO, yani ile kazi ya kurekebisha saiti ili Google iionyeshe juu, yote ni utapeli mtupu, we andika vitu vizuri wateja watakuja wenyewe. Mi naona pande zote mbili zinawaumiza watu wale wale, fundi wa makabati, mwenye lodge ndogo, dada mwenye duka la vitenge, watu ambao hela ya matangazo inatoka kwenye mtaji huo huo wa kununulia mzigo.

Wanaosema ni utapeli wana hoja nzito jamani tusiwapuuze. Google wenyewe wameandika wazi kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia namba moja, kwa hiyo anayekuhakikishia anakuuzia kitu ambacho hana. Na njia za mkato zinaua saiti. Mwaka 2006 saiti ya BMW ya Ujerumani ilitolewa kabisa kwenye Google kwa sababu ilikuwa na kurasa zilizojazwa maneno kwa ajili ya roboti tu, yani programu ya Google inayopita kwenye saiti kuzisoma, mtu akibofya anapelekwa ukurasa mwingine tofauti. Mwaka 2011 New York Times wakaandika kuhusu JCPenney, mtandao mkubwa wa maduka Marekani, ilikuwa inaonekana juu kwa vitu vingi mno, magauni, mashuka, mazulia, kumbe kuna maelfu ya linki zinazoelekea kwao zimepandikizwa kwenye saiti zisizohusiana kabisa na biashara yao, Google wakaishusha chini sana. Aprili 2012 ikaja Penguin, mabadiliko ya Google kwenye jinsi inavyopanga matokeo, yaliyolenga hila kama linki za kununua, na saiti nyingi zikazama. BMW walirudishwa baada ya siku chache, lakini we mwenye lodge Moshi ukishushwa utampigia nani?

Sasa hawa wa "andika vizuri tu" nao wanasahau mashine inavyofanya kazi. Google haisomi saiti yako ikaipenda. Inatuma roboti, roboti anafuata linki, anachukua kilichopo, kinawekwa kwenye faharasa, yani orodha kubwa ya kurasa ambazo Google inazijua, halafu mtu akitafuta ndo inachagua kipi kitangulie. Larry Page na Sergey Brin walipoanza Stanford miaka ya 90 wazo lao kubwa lilikuwa kwamba saiti nyingine ikikuwekea linki ni kama imekupigia kura, na mpaka leo linki bado zina uzito hata kama siku hizi wanaangalia mambo mengine mengi. Kwa hiyo unaweza kuandika ukurasa mzuri kuliko wote na usiwepo hata kwenye faharasa, na ukurasa ambao haumo kwenye faharasa hauna cha kupanda wala kushuka.

Chukua fundi wa fanicha pale Keko, Dar. Saiti yake ina picha kali za makabati lakini bei ameziandika ndani ya picha kama bango la WhatsApp, namba ya simu nayo iko ndani ya picha, kichwa cha ukurasa kimeandikwa "Karibu kwetu", na kila picha imetoka kwenye kamera ya simu moja kwa moja, nzito MB kadhaa. Google kuelewa picha inategemea sana maandishi yanayoizunguka, na hapa hakuna maandishi. Mteja yuko Mbagala anatumia bando, ukurasa haufunguki anarudi nyuma anabofya wa mwingine. Google wanashauri kitu kikubwa cha kwanza kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, na wanaipima saiti kwa jinsi inavyoonekana kwenye simu. Huyu fundi hata aandike vizuri vipi hatoki. Anahitaji mtu apunguze picha, bei ziandikwe kwa maandishi, kichwa kiseme "makabati ya nguo Keko Dar es Salaam", na asajiliwe kwenye ramani ya Google, jambo ambalo ni bure kabisa. Hiyo ndo SEO, na mtu akilipwa kwa kazi hiyo ni halali yake.

Kuna suala la lugha ambalo kwangu ndo lenye fursa kubwa na linaongelewa kidogo sana. Wauzaji wengi wa SEO wanamwambia mteja aandike Kiingereza kwa sababu ndo kina watafutaji wengi. Kwa mwenye safari za Serengeti ni sawa, watalii wake wako Ujerumani na Marekani, japo atapambana na makampuni makubwa ya dunia. Lakini anayeuza sofa Dar wateja wake wanaandika "bei ya sofa" au "kabati la milango mitatu bei gani", wanachanganya na Kiingereza humo humo, na ukitafuta hivyo mara nyingi unakutana na uzi wa zamani wa JamiiForums kwa sababu hakuna muuzaji aliyeandika ukurasa kamili kwa maneno ya wateja. Nafasi iko wazi kabisa.

Kinachonipa wasiwasi ni majibu ya akili bandia ambayo Google walianza kuyaweka juu ya matokeo, Marekani Mei 2024 kisha nchi nyingine. Mtu akipata jibu pale pale habofyi, na saiti za maelezo tu zitaumia. Anayetaka kabati bado lazima amtafute fundi, kwa hiyo mwenye bidhaa ana nafuu kuliko mwenye blogu.

Mi ningemshauri fundi alipe mara moja kwa matengenezo, asiingie mkataba wa kila mwezi kabla hajaona kitu, na akaunti ya Search Console, chombo cha Google cha kufuatilia saiti yako, iwe kwa imeili yake mwenyewe ili aone watu wanamtafuta kwa maneno gani. Halafu asubiri, Google wenyewe wameshasema matokeo huchukua kati ya miezi 4 na mwaka, kwa hiyo akiahidiwa wiki mbili asitoe hata mia.