Lebo haiungi maharage: mjasiriamali wa Kigoma atenge ngapi kwa ubunifu?

Soko la Mwanga, Kigoma mjini, mawese mengi bado yanauzwa kwenye chupa za maji zilizokwishatumika. Mteja anainua chupa, anaitazama rangi juani, anafungua kifuniko ananusa, wanapatana bei, anaondoka. Siku moja nilimuuliza mama ninayenunua kwake kwa nini habandiki hata stika yenye namba ya simu. Akacheka: "Mwanangu, lebo inaunga maharage?"

Hoja yake ni nzito kuliko inavyosikika. Wateja wake wanamjua kwa sura, na pua zao ndizo wakaguzi wa ubora. Tena jina la Kigoma lilishajitangaza zamani. Dagaa wa Kigoma wanaulizwa kwa jina huko mikoani, na hakuna dizaina aliyelipwa kwa hilo. Laki moja ya kuchora nembo akiiongezea kwenye madumu ya mzigo ujao, anajua itarudi lini. Ya nembo hajui.

Wanaompinga hupenda kutaja kanuni ya vitabuni, kwamba utenge asilimia saba au nane ya mauzo kwa masoko. Tuipigie hesabu. Tuseme mtu anauza milioni mbili kwa mwezi: asilimia saba ni 140,000. Lakini kama faida inayobaki ni laki mbili, kanuni hiyo imekula asilimia sabini ya faida. Na anayeuza dagaa afanyeje? Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Asilimia saba ya mwezi usio na mzigo ni nini? Kanuni hii inamfaa mwenye mauzo yaliyotulia na faida nono, na hapa kwetu huyo simwoni mara nyingi.

Hata hivyo, hoja ya mama inaishia stesheni. Chupa ikishapanda treni kwenda Dar es Salaam, anayeipokea hakumwona muuzaji, na dukani hataruhusiwa kufungua kifuniko. Jina la Kigoma nalo ni la kila mtu, pamoja na anayechanganya mafuta. Mwenye duka la rafu ataanza na maswali: ujazo kiasi gani, nani katengeneza, lini, muda unaisha lini, alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango, iko wapi? Tangu 2019 usimamizi wa chakula ulipohamishwa kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, mambo hayo yako TBS, na mjasiriamali mdogo anaweza kuanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kupata maelekezo. Hapo lebo inakuwa sehemu ya bidhaa, sawa na kifuniko.

Kwa hiyo mimi natenganisha mafungu mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Kubuni ni kama kununua mzani, unalipa mara moja, ukatumia miaka. Kuchapa ni kama kununua chupa, gharama yake inakwenda na kila mzigo na lazima iingie kwenye bei. Laki moja ya ubunifu ikigawanywa kwa chupa elfu moja ni shilingi mia kila chupa. Kwa elfu tano ni shilingi ishirini. Asiyejua atauza chupa ngapi hana msingi wa kujadili bei na dizaina. Atapunguziwa na bado ataumia.

Na pesa nyingi hupotea kwenye kuchapa. Mawese huchuruzika. Stika ya karatasi ya kawaida inayanywa mafuta, inageuka rangi ya chungwa, wino unatawanyika, na pembe zinajikunja kabla mzigo haujafika. Nimeshika chupa ambayo nembo yake ilikuwa nzuri kweli, mtende na jua nyuma yake, lakini tarehe haisomeki. Ningekuwa na laki mbili, nembo ningeifanya maandishi matupu ya jina, tofauti ikaenda kwenye stika ya plastiki. Nafasi ya tarehe ningeiacha wazi nigonge muhuri kila mzigo, nisije nikabaki na lebo mia nne za mwezi uliopita.

Kuna njia ya bure pia, programu ya kuchorea ya Canva kwenye simu, na kwa tangazo la WhatsApp siioni ubaya. Ila nembo iliyotokana na kiolezo chao huwezi kuimiliki peke yako kama alama ya biashara, maana mwingine anaweza kukichukua kilekile. Anayetaka kuisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ambako usajili wa kwanza unadumu miaka saba, alipe mtu amchoree. Na asikubali kutumiwa kazi kama picha ya WhatsApp. Picha hiyo imeshabanwa, ikipanuliwa kwenye bango inatoka na ukungu. Adai faili la asili, linalokuzwa bila kuharibika, na waandikiane kwamba kazi ni yake.

Bango la dukani na fulana vingoje. Yule mama simshauri abadili chochote, wateja wake wapo. Ila binti yake ndiye anayepokea oda za Dodoma kwa simu, na juzi ameniuliza karatasi ya A3 ya stika ya plastiki inatoa lebo ngapi.