Msivune mpaka mkamaliza mbegu

Wiki hii nyumba yangu hapa Minneapolis, Marekani, ni majani tu. Sinki imejaa managu (mnavu), mezani kuna saga (mgagani), mfuko wa terere (mchicha) uko sakafuni unangoja kuchambuliwa, na huko uani sijafika hata nusu. Mwisho wa Agosti huku ndio huwa hivi, kila kitu kinakuja kwa mpigo, majirani wanapita mlango kwa mlango wakigawa zukini, yale maboga marefu ya kijani, nyanya zinaiva mpaka unachoka kuzisaga, na sisi watu wa mboga za kienyeji tumeshika visu maana kila mtu anajua barafu iko njiani.

Sasa wenzangu naomba mnisikilize, hili jambo linaniuma kweli. Tunavuna vibaya. Tunakata kila kitu, tunachemsha dakika mbili, tunatia kwenye maji ya barafu, tunakamua, tunajaza friza, na hapo sina ubaya na mtu kwa sababu hata mimi nakula managu ya friza Januari na nashukuru Mungu. Lakini Aprili ikifika simu zinaanza, dada una mbegu ya managu, dada hata kijiko kimoja tu cha saga, na ukimuuliza mtu ile ya mwaka jana ilienda wapi anakwambia alikata yote. Yote!

Na mjue mbegu za kupanda haziingii Marekani hivi hivi, zinatakiwa zije na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zilikotoka. Mimi niliwahi kunyang'anywa uwanja wa ndege kitambaa cha mbegu ambazo mama alizianika mwenyewe kule Kakamega, Kenya, alizipepeta, akazifunga fundo tatu. Sheria ni sheria na sikubishana, ila nililia kwenye gari njia nzima. Tangu siku hiyo nikasema mbegu yangu itatoka kwa udongo huu huu.

Na wakati wenyewe ni huu. Mmea wa terere umezoea mchana wa kwetu wa saa 12, huku Juni mchana unafika karibu saa 15 na nusu, kwa hivyo unaendelea kutoa majani tu, halafu Agosti siku zikianza kufupika unaona kichwa cha maua kimechomoza. Watu wakiona hivyo wanasema mboga imezeeka wanang'oa. Jamani, hapo ndipo inakupa mbegu, kichwa kimoja tu cha terere kina maelfu ya mbegu, familia nzima inapanda na inabaki.

Cha kuangalia ni shina gani unaacha. Usiache lile lililotangulia kutoa maua, hilo ni la haraka na watoto wake watakuwa hivyo hivyo, utapata majani wiki chache tu basi. Acha lililochelewa, lenye majani mapana, lililokulisha msimu wote wa joto. Mimi nafunga uzi mwekundu kwenye mashina matatu ya kila mboga ili mtu wa nyumbani asikate kwa bahati mbaya, hata kama wageni wamekuja na sufuria ni ndogo hayo hayaguswi.

Saga usiiache ikauke kabisa, zile maganda zikishakuwa njano kata uweke kwenye mfuko wa karatasi, ukichelewa siku mbili zinapasuka zenyewe na mbegu yote iko chini. Managu subiri matunda yaive kabisa, yale mabichi ya kijani yana sumu usimpe mtoto, yakiiva unayaponda kwenye maji, nyama inaelea, mbegu nzuri zinazama, unaosha unaanika kivulini. Terere angalia kama kuna terere pori karibu, ile majirani wanaing'oa kama magugu, upepo unabeba chavua na zinaweza kuoana, kwa hivyo ing'oe mapema. Malenge ndiyo yalinisumbua zaidi, nyuki walipita kwa zukini za jirani na mwaka uliofuata nikapata vitu sivijui, si malenge si zukini, siku hizi malenge ya mbegu nafunga ua jike mwenyewe jioni kabla halijafunguka, asubuhi nalipaka chavua ya ua dume kwa mkono halafu nalifunga tena.

Nyanya za kijani msihangaike nazo, zikatwe kabla ya barafu ziwekwe ndani na ndizi mbivu, zitaiva bila jua. Sukuma wiki nayo iache nje, barafu ya kwanza inaiongezea utamu. Ila managu, kunde na malenge usiku mmoja wa nyuzi sifuri asubuhi vimekuwa vyeusi, na usiku huo huku unaweza kuja hata kabla Septemba haijaisha. Kwa hivyo kuanzia Labor Day, Jumatatu ya kwanza ya Septemba, mimi nakaa macho na mashina ya uzi mwekundu, na utabiri ukitaja baridi natoka na mashuka ya zamani saa mbili usiku nafunika moja moja.

Jana nimekata kichwa cha kwanza cha saga. Kiko kwenye bahasha juu ya kabati, nimeandika mwaka, na chini yake nimeandika jina la mama.