Aliyegonga akakimbia asibaki na faida

Dereva akimgonga mtu akasimama, sheria zetu zina mengi ya kumfanya. Atahojiwa, gari litakaguliwa, bima yake itadaiwa, pengine atapandishwa kizimbani. Akikimbia na asipatikane, hakuna hata moja kati ya hayo litakalomfika, na gharama zote zinahamia kwa aliyegongwa na ukoo wake. Naishi Arusha na barabara ya kwenda Moshi naipita mara kwa mara. Hakuna jambo la barabara hiyo linaloniumiza kuliko hili: kwetu, kukimbia kunalipa.

Najua utetezi wa madereva. Wanasema wanaogopa kupigwa na gari kuchomwa moto, na hofu hiyo ina msingi, maana watu wetu wakishapandwa na hasira hawasikilizi. Lakini anayeogopa umati ana pa kwenda. Kuna polisi Usa River, kuna polisi Bomang'ombe. Aende moja kwa moja, aripoti, aombe majeruhi afuatwe. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka aliyehusika kwenye ajali asimame, ajitambulishe na atoe taarifa. Aliyepita kituo cha polisi akaenda kulaza gari nyumbani na kesho yake akaliingiza gereji kubadilisha taa, huyo hakukimbia umati. Amekimbia deni.

Kinachonisikitisha upande wetu ni jinsi tunavyokata tamaa mapema. Maneno ni yale yale, msibani na wodini: ameshakimbia, tumwachie Mungu. Mungu tumwachie hukumu yake, lakini ushahidi ni kazi yetu, na unapotea haraka.

Majeruhi kwanza afikishwe hospitali, iwe Mount Meru, Mawenzi au KCMC, na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, ifuatiliwe. Wakati ndugu mmoja yuko wodini, mwingine awe polisi kuhakikisha tukio limefunguliwa jalada, achukue namba ya RB, yaani ya taarifa iliyoandikwa kituoni, na kumjua mpelelezi anayeshika faili. Wa tatu arudi pale pale ajali ilipotokea. Kipande hiki ndicho tunachokiruka, na ndicho chenye thamani kuliko vyote. Kuanzia Sakina mpaka Tengeru barabara imezungukwa na sheli, hoteli, mabenki na maduka yenye kamera. Kamera nyingi zinafuta picha za zamani zenyewe kupisha mpya, kwa hiyo ukisubiri mazishi yaishe au mgonjwa aruhusiwe, utakuta hakuna kitu. Ongea na mwenye kamera siku hiyo hiyo, umwombe aihifadhi picha, kisha mpelelezi aandikiwe barua aifuate. Picha za kamera zinapokelewa mahakamani kama ushahidi, mradi ieleweke zimetoka wapi na zimetunzwaje.

Bodaboda wa kijiweni waulizwe pia. Wao wanaona kuliko sisi sote. Hata namba nusu inasaidia, hata rangi ya kibao: cheupe ni gari la biashara, cha njano ni la mtu binafsi, na pikipiki inaanza na MC. Kama ni basi la mkoani, LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, wana mfumo wa kufuatilia mabasi unaoonyesha gari lilikuwa wapi na kwa mwendo gani, na mpelelezi anaweza kuomba taarifa hizo. Vipande vya taa au kioo cha pembeni vilivyobaki barabarani msivifagie. Fundi mzoefu akishika kipande cha taa anaweza kukwambia ni cha gari gani.

Namba ikishapatikana mambo yanabadilika kabisa. Mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, unamwezesha mtu yeyote mwenye simu kuingiza namba ya gari na kuona kama lina bima na ni ya kampuni gani. Kila gari barabarani linatakiwa kuwa na walau ile tunayoiita bima ndogo, na bima ndogo ipo kwa ajili ya wewe uliyegongwa. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inaibana kampuni kulipa hukumu ya mahakama dhidi ya mteja wake kwa kifo au majeraha ya mtu wa nje, mradi imepewa taarifa ya kesi kwa wakati. Kwa hiyo barua kwa kampuni ya bima iende mapema, isingoje hukumu. Wakileta ubishi, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Anayeshtakiwa kwenye madai si dereva peke yake. Mwenye gari anawajibika kwa uzembe wa dereva aliyemwajiri, na mara nyingi yeye ndiye mwenye uwezo wa kulipa. Muda wa kufungua shauri la madhara ya namna hii ni miaka 3. Unaonekana mwingi, lakini unamalizika ukiwa bado unahudhuria kliniki ya mifupa. Kama aliyegongwa amefariki, kwa kawaida familia inahitaji msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama ndipo idai kwa niaba ya mjane, mgane, watoto na wazazi. Gari likiwa la serikali, notisi ya siku 90 inatangulia, Mwanasheria Mkuu anaunganishwa, na shauri linakwenda Mahakama Kuu. Gari la Kenya lililoingilia Namanga au Holili lisikukatishe tamaa: uliza Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya magari yanayovuka mipaka, ambayo Tanzania inaitambua.

Sasa niseme kuhusu ushahidi wa hasara, maana hapa wanyonge wanaangushwa bila sababu. Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba hasara mahususi, yaani gharama na kipato kilichopotea vinavyohesabika, lazima itajwe na ithibitishwe. Mama anayeuza ndizi Tengeru hana hati ya mshahara, lakini ana daftari la kikoba, ana miamala ya simu, ana wateja wa jumla wanaoweza kusimama kizimbani wakaeleza alikuwa anawaletea mzigo kiasi gani kwa wiki. Hivyo vyote ni ushahidi. Risiti za dawa, nauli za kliniki na ripoti ya daktari inayotaja ulemavu wa kudumu viwekwe kwenye bahasha moja tangu siku ya kwanza.

Kuna kijana fundi seremala wa jirani yetu aliyevunjwa mguu na gari ambalo baadaye lilipatikana. Wenye gari walikuja usiku na wazee, wakaongea vizuri, wakaweka fedha mezani, na familia ikasaini karatasi kwamba haitadai tena. Mguu ukaoza kwenye chuma, akarudishwa chumba cha upasuaji, na zile fedha zilishakwisha zamani. Alipowafuata tena, alionyeshwa karatasi yake mwenyewe. Sipingi kupatana, ni mila yetu na ni nzuri. Napinga kupatana kabla daktari hajasema mguu utakuwaje. Pokea msaada wa matibabu, andika kwamba ni msaada wa matibabu, usisaini "yaishe".

Jambo jingine linalonichoma ni kesi za trafiki zinazokwisha bila mwathirika kujua. Dereva anafikishwa mahakamani asubuhi, anakiri, anapigwa faini, mchana yuko barabarani. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa hakimu uwezo wa kuamuru mkosaji amlipe fidia aliyeumizwa, lakini hakimu ataamuruje kama mwathirika hayupo na hakuna aliyemweleza hali yake? Muulize mpelelezi tarehe ya kesi, mweleze mwendesha mashtaka kwamba unataka fidia iombwe. Hata fidia isipotoka siku hiyo, chukua nakala ya hukumu. Kutiwa hatiani kwenye jinai ni ushahidi mzito sana ukifungua madai. Kwa asiye na fedha za wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua watoa huduma na wasaidizi wa kisheria. Moshi kuna KWIECO, shirika la msaada wa kisheria, wamefanya kazi hii miaka mingi.

Je, gari lisipojulikana kabisa? Aliyegongwa akiwa kazini, kama mlinzi, mfagia barabara au msambazaji wa mizigo, anaweza kudai kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi bila kujali nani alimgonga, na mwajiri ana wajibu wa kuripoti. Mwenye bima ya afya atatibiwa. Wengine wote wanabaki na mchango wa kundi la WhatsApp.

Hapa ndipo ninaposema sheria yetu haitoshi. Wenye magari wote wanalipia bima ndogo kwa ajili ya watu watakaogongwa. Gari lililokimbia lisipojulikana, ada ililipwa kwa kampuni fulani, hatari ikatokea, lakini hakuna anayelipa kwa sababu tu hatujui kampuni ipi. Basi zilipe zote. Sehemu ndogo ya kila ada ya bima iende kwenye mfuko mmoja wa waliogongwa na magari yasiyojulikana au yasiyo na bima. Si jambo la kubuni. Uingereza kampuni za bima zimekuwa na chombo cha pamoja tangu 1946. Ghana wana mfuko wao. Afrika Kusini wanatoza kwenye mafuta.

Nitaambiwa mfuko utaliwa na wadanganyifu, na ni kweli kwamba ule wa Afrika Kusini umelemewa na madeni. Lakini tunaweza kuanza kwa kiasi. India mwaka 2022 waliweka kiwango maalumu kwa ajali za kugonga na kukimbia: rupia 200,000 kwa kifo na 50,000 kwa majeraha makubwa, bila mlolongo wa kesi. Nasi tuweke kiwango kinachotosha upasuaji na miezi ya kukaa bila kazi, kilipwe kwa anayeonyesha PF3, ripoti ya polisi iliyofunguliwa mapema na cheti cha daktari wa hospitali ya rufaa. Gari likija kupatikana, mfuko umdai mwenye gari urudishe fedha zake. TIRA wanaweza kuandaa pendekezo hili, na wabunge wa Arumeru Mashariki na Hai, ambao barabara hii inapita katikati ya majimbo yao, ndio wa kwanza ninaotaka kuwasikia wakiliuliza bungeni.