Samaki Anayeapa

Mimi nimezaliwa Mwanza. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililoniponza. Ukiishi Bismarck, jimbo la North Dakota, kaskazini ya kati ya Marekani, halafu ukamwambia jirani yako kwamba umetoka kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, anakutazama kama mtu aliyeshuka ndege na nyavu begani. Sikumfafanulia kwamba samaki wangu wote nimewavulia soko la Mwaloni, kwa noti.

"Jumamosi tunakwenda Sakakawea," akasema. "Njoo na familia."

Lake Sakakawea ni ziwa la kutengenezwa na tingatinga. Mto Missouri ulizibwa kwa ukuta wa Garrison mwaka 1953, maji yakarudi nyuma yakajaza mabonde kwa urefu wa karibu kilomita 286. Samaki ambaye watu wanamkosea usingizi humo anaitwa walleye. Mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Ukerewe, alisikia jina hilo akaweka kikombe chini.

"Samaki anaapa?"

"Hapana mama, ndilo jina lake. Wolai."

"Wallahi. Samaki anayetanguliza kiapo ana jambo analificha."

Kumbe kweli analo. Jicho lake, lililomo hata kwenye jina ("eye" ni jicho), lina utando kwa nyuma unaorudisha mwanga, kama jicho la paka, ndiyo maana anaona gizani kuliko samaki wadogo anaowala. Kwa hiyo mchana analala, anafanya kazi alfajiri na magharibi. Sasa fikiria: Juni, kule kaskazini, jua linazama karibu saa nne usiku, na kabla ya saa kumi na mbili asubuhi kumeshakucha. Ukitaka kumwahi huyu bwana kazini, wewe ulale lini? Mimi zamu za usiku nilishaziacha kwa amri ya daktari. Nimerudi tena, safari hii bila mshahara.

Ijumaa jioni mke wangu alifungua friji akapiga ukelele uliowatoa watoto wa nyumba ya pili. Karibu na maziwa kulikuwa na kopo la ruba. Hai. Wanaogelea. Utotoni, ukitoka majini na ruba mguuni, mtaa mzima unakuja kukushika huku mtu akitafuta chumvi. Huku unawachagua dukani, unahesabiwa, unatoa pochi, unaambiwa uwaweke mahali pa baridi wasije wakafa kabla hujawaua. Kopo la pili lilikuwa la nyungunyungu. Hao nao wa kununua. Nilisimama pale nikawakumbuka nyungunyungu wote niliowahi kuwarusha kwa jembe nyumbani kwa bibi. Utajiri ulinipita.

Kisha leseni. Kijana wangu ana miaka 14, hadaiwi. Mimi na mama yake tukalipa. Mgeni kutoka nje ya jimbo analipa zaidi, na mama mkwe alipotafsiriwa hivyo akakunja mikono. "Nilipie ruhusa ya kushika mshipi? Mimi? Waambie nitakaa tu." Na akakaa tu kweli, siku nzima, kama mwenyekiti wa kikao.

Saa tisa usiku tukaondoka, pikapu ya jirani mbele na boti yake kwenye trela. Tulipofika penye mteremko wa kushushia boti, jirani yangu, yule mzee, akaingia ndani ya boti, akaniachia usukani nirudishe kinyumenyume. Ewe msomaji, umewahi kurudisha trela nyuma? Ukikata kulia, lenyewe linakwenda kushoto, ukilifuata linakunja kama kisu cha mfukoni. Kwetu hili si tatizo. Angetokea kijana ambaye hakuna aliyemwita, akapiga bodi kofi: "Leta, leta, leta, kata kulia, weka sawa, leta, wewe!" na gari lingeingia. Hawa wa North Dakota ni wapole. Magari kumi nyuma yangu, wanaume kumi wameshika vikombe vya kahawa, hakuna aliyefungua mdomo. Walinitazama kwa heshima, kama mtu aliyefiwa. Afadhali wangenitukana.

Ndani ya boti likatokea ambalo sikulipangia. Kwetu mkwe anamstahi mkwe, mnapishana mlangoni kwa adabu. Boti ya futi kumi na nane haijui hayo. Magoti yangu na ya mama mkwe yalikuwa yanaulizana hali kila wimbi lilipopita. Yeye akageuza uso kutazama maji, mimi nikatazama skrini.

Skrini ile ni fitina. Chombo kinapeleka mlio chini, kinakuonyesha kina na samaki waliopo. Nikawaona, wamejipanga kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Hakuna aliyeshuka. Tukaburuta ndoano mwendo wa bibi harusi, chubwi linagonga chini, na mbele ya ndoano kuna shanga za rangi na kibati kinachozunguka. Mke wangu alizitazama zile shanga, akanitazama mimi, akaangua kicheko akashindwa kuniambia anachekea nini mbele ya mama yake. Mtu mzima umeelewa.

Jirani akatoa wolai mmoja. Akatoa wa pili. Kijana wangu, huku simu iko mkono wa pili, akatoa mmoja. Mimi ndoano yangu ikavutwa kwa nguvu, nikasimama, nikaita jina la Mungu, nikazungusha mpaka mishipa ya shingo ikanitoka. Gogo. Nikafunga ndoano nyingine, shanga nyingine. Gogo.

"Miti ya zamani," mzee akasema. "Kabla ya maji huku kulikuwa na watu."

Ndiyo maneno marefu aliyoyasema asubuhi ile. Mabonde yale yalikuwa ya Wamandan, Wahidatsa na Waarikara, makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani. Mji wao wa Elbowoods, uliokuwa juu zaidi ya mto kuliko pale tulipokuwa, ulifunikwa na maji pamoja na mashamba mazuri kuliko yote waliyokuwa nayo. Nikamtafsiria mama mkwe. Akakaa kimya kidogo.

"Kwa hiyo baba, tunavua shambani kwa watu."

Baada ya hapo hata gogo la tatu lilinitoka mkononi kwa unyenyekevu.

Sheria inaruhusu wolai watano kwa mtu kwa siku. Sisi, watu watano ndani ya boti, tulirudi na watatu jumla. Bandani pa kuparia samaki, mzee akachomoa kisu chembamba, akatoa minofu miwili safi kila samaki, kisha akanyanyua vichwa na miiba kuvipeleka kwenye mashine. Wana mashine ya kusaga vichwa! Imewekwa pale kwa kazi hiyo.

Mama mkwe, aliyekaa tu tangu alfajiri, alisimama.

"Mwambie aache."

Nikamwambia aache. Mimi ni mtoto wa Mwanza. Nimekua nikiona minofu ya sangara ikipanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukibaki na mapanki, yaani vichwa na miiba, na tukayakaanga tukayapenda. Sikutarajia kuvuka bahari nikute mapanki yananisubiri tena, safari hii bure. Watu wawili wa meza ya jirani waliposikia tunataka vichwa, wakatusogezea vya kwao kwa furaha, kama wanaoondolewa takataka. Tulitoka pale na ndoo.

Jioni ndimu, nyanya, kitunguu, pilipili mbuzi, sufuria kubwa, ugali. Jirani akaja kuchukua kasha lake la barafu akatukuta wote tumeinama. Mama mkwe akamvutia kiti, akachokonoa kichwa, akamwekea jicho kwenye kijiko.

"Mwambie: wamempa samaki jina la jicho, halafu jicho wanalisaga."

Nikatafsiri. Mzee alilitazama jicho, jicho likamtazama. Akalimeza. Akatulia. Akafuta jasho la pilipili, kisha akaniuliza polepole kama Jumamosi ijayo tutakuwa na nafasi, saa tisa ile ile.

Nilikuwa najiandaa kutoa udhuru wa daktari. Mama mkwe, ambaye Kiingereza hajui hata kidogo, akanitangulia.

"Yesi," akasema, akamwongezea mchuzi.