Aliyeshindwa mara nane ndiye aliyechukua pauni 250,000

Kila nikibishana na rafiki zangu kuhusu vipindi vya mashindano ya biashara, huwarudisha kwenye The Apprentice ya Uingereza ya mwaka 2011. Mwaka huo Lord Alan Sugar, tajiri anayemchagua mshindi, aliacha kutoa ajira kama zawadi. Akaanza kuweka pauni 250,000 kwenye biashara ya mshindi na kuchukua nusu ya umiliki. Helen Milligan alifika fainali akiwa kwenye kundi lililoshinda mara 10 katika kazi 11 za kila wiki ambazo washiriki hushindanishwa. Tom Pellereau alishinda 3 tu. Akachukuliwa Tom.

Wapo waliosema Helen kaonewa. Mimi nasema zile kazi zenyewe zilikuwa nusu bahati nasibu. Chukua ile ya Paris, ya kuwauzia Wafaransa bidhaa kutoka Uingereza. Tom alikipenda kiti cha mtoto cha kwenye gari, kinachogeuka mkoba wa mgongoni. Mwenzake akaulizia watu wachache mjini, akarudi na jibu kwamba pale watu hawaendeshi magari sana. Tom, mpole kupita kiasi, akakubali yaishe. Kundi la kina Helen likakichukua kiti kilekile, na La Redoute, wauzaji wakubwa wa bidhaa kwa katalogi, wakaweka oda ya zaidi ya pauni 200,000. Oda moja, mchezo kwisha.

Nani alikuwa na jicho la biashara siku ile? Kosa la Tom halikuwa kuchagua vibaya, bali kutosimamia neno lake. Ni kosa kubwa kwa mfanyabiashara, sikatai, ila si lile lililoandikwa kwenye matokeo.

Helen naye simwiti mbahatishaji. Hakuna anayeshinda mara 10 kwa ngekewa tupu. Lakini mpango wake, huduma ya kuwashughulikia watu mambo yao binafsi, ulipotiliwa shaka, dakika za mwisho akaleta wazo la kuoka na kuuza mikate. (Alikuwa akifanya kazi Greggs, kampuni ya mikate! Kwa nini hakuanzia hapo?) Tom tayari alikuwa na tupa ya kucha iliyopinda, aliyoibuni mwenyewe, na ilikuwa inauzwa.

Sugar aliamua sawa. Kinachonikera ni zile wiki zote tulizofundishwa kuhesabu ushindi. Angeweza kuwaita wote siku ya kwanza, akapitia mipango yao na kumaliza kabla ya chai ya saa kumi. Lakini nani angekaa kuangalia?