Mtandika vitanda wa Saipan hana kosa

Kila ikitajwa haja ya kupandisha kima cha chini cha mshahara kwenye visiwa vinavyoishi kwa utalii, jibu ni lile lile: mkipandisha, hoteli zitafungwa na vijana watakosa kazi. Hofu hiyo naielewa. Lakini Saipan, kisiwa kikuu cha Mariana ya Kaskazini katika Bahari ya Pasifiki, imepita njia hiyo yote, na huniuma nikiona historia yake ikisomwa kinyumenyume.

Visiwa hivyo ni vya Marekani, ila makubaliano ya miaka ya 1970 yaliviachia vijipangie mishahara na uhamiaji. Kufikia mwanzoni mwa 2007 kima cha chini kilikuwa dola 3.05 kwa saa, ilhali Marekani bara kilikuwa 5.15. Kwa malipo hayo waajiri walijaza viwanda vya nguo na hoteli wafanyakazi wa mkataba kutoka Ufilipino na China, na wenyeji wengi wakazikimbilia kazi za serikali. Mshahara mdogo haukumletea mwenyeji ajira.

Mwaka 2007 Bunge la Marekani likaagiza mshahara uongezwe senti 50 kwa awamu mpaka ulingane na wa bara. Viwanda vikafungwa, cha mwisho mwaka 2009, na lawama zote ikatupiwa sheria. Hebu tuzitazame tarehe. Mgao wa biashara ya nguo duniani, yaani kikomo cha nguo ambazo nchi kama China ziliruhusiwa kuuza nje, uliondolewa Januari 2005, na China ikapata njia pana ya kuuza Marekani. Oktoba mwaka huo huo Japan Airlines ikasitisha safari zake za Saipan. Wakati huo hata senti moja ya nyongeza ilikuwa haijalipwa!

Baadaye ndege zikarudi, safari hii kutoka Korea na China, na kasino ikaanza kujengwa Garapan, kitovu cha utalii cha Saipan. Mshahara ulipanda kutoka dola 5.05 hadi 5.55 mwaka 2012, ukaendelea mpaka 7.05 mwaka 2017, na katika miaka hiyo hiyo ajira ziliongezeka. Septemba 2018 ukafika 7.25. Mwezi uliofuata kimbunga Yutu kikaupiga uwanja wa ndege, na 2020 korona ikafunga anga. Vyumba vikabaki vitupu na watu wakarudishwa nyumbani, ingawa mshahara haukupanda hata kidogo.

Namwonea huruma mwenye hoteli ndogo. Bei ya chumba chake huamuliwa na wakala aliyeko Seoul anayeuza safari nzima kwa bei moja, na karibu kila kitu anachotumia huja kwa meli. Nyongeza ikija, mara nyingi hamfukuzi mtu, humpunguzia saa. Mtandika vitanda anabaki kwenye hesabu ya walioajiriwa huku mfuko wake ukiwa ule ule wa jana. Hapo ndipo ningependa wakaguzi wa kazi waangalie, kwenye saa zilizolipwa, kuliko kuhesabu vichwa tu.

Kima cha Marekani kimekwama kwenye 7.25 tangu Julai 2009, na mjumbe wa visiwa hivyo katika Bunge la Marekani hana kura ya mwisho ya kupitisha sheria. Ila sheria haiwazuii wabunge wa Saipan wenyewe kuweka kima cha juu zaidi ya hicho. Waanze wao, kwa ratiba inayotangazwa miaka mitatu mbele, ili mwenye hoteli aiingize kwenye mikataba yake na mawakala kabla msimu haujaanza.