Kosa si paa lililokatwa

"Bima ni wezi, wanangoja ajali ndiyo watafute kisingizio." Hayo ndiyo malalamiko kwenye gereji za Malindi kila Land Cruiser iliyogeuzwa muundo kwa safari za Tsavo inapopinduka, mwenyewe akaletewa barua ya kukataliwa dai badala ya hundi. Yana chembe ya ukweli. Ila mara nyingi kampuni haikukataa mageuzi ya gari. Imekataa gari ambalo haikuambiwa lipo.

Paa la chuma likikatwa wageni wapate kusimama watazame ndovu, bodi hupoteza sehemu ya uimara wake, na gari likibiringika nguzo za paa hulala. Viti vikiongezwa, uzito unapanda. Zaidi ya hayo, gari la nyumbani limekuwa la kubeba watalii kwa malipo, na hilo ni daraja jingine la bima kabisa. Aliyelipia gari binafsi hakuinunua kinga hiyo.

Chukua taa tu. Spotilaiti mbili za wati 100 kwenye volti 12 huvuta karibu ampia 17. Fundi mwenye haraka huziunga kwenye swichi ya taa za kawaida, bila rilei (swichi ya umeme inayobeba mkondo mkubwa badala ya swichi ya dereva), kwa waya mwembamba. Chumvi ya bahari inaota ukijani kwenye viungo, joto linapanda, fiuzi inaungua, na mahali pake inawekwa karatasi ya bati ya pakiti ya sigara. Gari likiwaka, mkaguzi atafuata waya huo hadi betri. Rilei, waya wa milimita mraba 2.5 au mnene zaidi na fiuzi ya ampia 20 karibu na betri vingetosha.

Halafu kuna hesabu ambayo wengi huiona siku ya kulipwa. Gari lilithaminiwa shilingi 1,500,000. Baadaye ukafunga vifaa vya 300,000 ukanyamaza. Hati ya bima ikiwa na kipengele cha wastani, yaani unalipwa kwa uwiano wa thamani uliyokatia bima na thamani halisi, hasara ya 240,000 italipwa sehemu tano kwa sita (1,500,000 kwa 1,800,000): 200,000, kabla hata ya kukatwa ile sehemu unayojibebea kila dai. Elfu 40 imekupotea, na hakuna aliyekuibia.

Wenye magari nao wana hoja. Fomu ni ya Kiingereza, ajenti ndiye hujaza, mteja anaonyeshwa pa kutia sahihi. Na gari lililoegeshwa likigongwa kwa nyuma, kukataa dai kwa sababu ya bampa ya chuma ya mbele ni uonevu. Hapo mtu apeleke malalamiko kwa IRA, mamlaka inayosimamia bima.

Lakini dawa ni rahisi: iandikie kampuni kabla msumeno haujagusa paa, ambatisha makadirio ya fundi, kisha peleka picha na risiti, gari lithaminiwe upya, na usubiri nyongeza ya hati ya bima kwa maandishi. "Sawa, nimekuelewa" ya ajenti kwenye simu haihesabiki. Ukibadilisha injini, rangi au bodi, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, nayo irekebishe logibuku, hati ya usajili wa gari.

Wanaosema "mimi nina bima ya mtu wa tatu tu, hayanihusu" hawajasoma Sura ya 405, sheria ya Kenya ya bima hiyo, hadi mwisho. Ni kweli masharti kuhusu hali ya gari, idadi ya abiria au vifaa vilivyofungwa hayamnyimi haki aliyeumizwa, kampuni itamlipa. Lakini sheria hiyo hiyo inairuhusu kampuni ikugeukie wewe ikudai ilichotoa.